Jina Walilonitaka Nilitaje

Ijumaa ile, nyumbani kwa mwanangu, huko Al Amerat, Maskati, tulikuwepo hawa. Nilikuwepo mie, bibi wa mtoto anayeposwa. Alikuwepo mwanangu wa kwanza, baba mtu, ambaye alikuwa mtu wa serikali na sasa kastaafu, kazi yake kumwagilia mindimu na kubishana na dereva wa gari la maji. Alikuwepo mkewe, ambaye wazee wake ni Waarabu wa Bujumbura, na kwa upishi sijamwona wa kumpita. Alikuwepo mjukuu wangu mwenyewe, anayefanya kazi katika duka la dawa. Alikuwepo ndugu yangu wa kiume, kitindamimba wetu, baba mmoja mama mmoja, ambaye tangu alipokufa kaka yetu mkubwa ndiye anayekaa mbele kwenye kila shughuli ya ukoo. Alikuwepo wifi yangu, mjane wa huyo kaka. Alikuwepo msichana wetu wa kazi, mtu wa Tanga. Na alikuwepo mgeni, mwalimu wa Kimarekani.

Majina yao nnayajua yote, na ya baba zao, na ya mama wa baba zao. Hapa sitaji hata moja. Nimeyataja majina ya watu maisha yangu yote, nikidhani natia mafuta kwenye taa, kumbe wengine wakiyachukua kwenda kuchomea.

Kwetu sisi posa haijibiwi papo hapo. Watu wakija wanapewa kahawa na halwa, wanaambiwa "tupeni muda tuulizie," wanaondoka zao. Hapo ndo kazi inaanza. Wanaume wanauliza msikitini na makazini, kijana anasali, anavuta sigara, ana hasira za karibu? Wanawake wanapiga simu. Na simu nyingi zinaishia kwangu, kwa sababu mie skuli sikukaa sana lakini Mungu kanipa kichwa cha kushika nani kamzaa nani. Unguja nzima ya siku zetu nnayo hapa, mtaa kwa mtaa. Basi wananipigia, wengine hata salamu hawajamaliza: "Bibi, kuna kijana kaja kwetu, babu yake alikuwa na duka Malindi. Asili yao nini hawa?" Neno ni hilo, asili. Wakilisema wanashusha sauti, kama mtu anayeuliza maradhi.

Safari hii posa ya kuuliziwa ilikuwa ya kwetu wenyewe. Kijana anayekaa mtaa wa Wattaya, daktari wa meno, wazee wake wametoka Unguja kama sisi na wamefika Maskati karibu wakati mmoja na sisi. Kaleta posa kwa mjukuu wangu kwa adabu zote, na baba yake, na ami zake, na sinia ya halwa. Mjukuu wangu anamtaka, na sisi sote tulijua kuwa anamtaka. Mwanangu akasema, "Nitafutieni mtu anayemjua huyu kijana, asiwe ndugu yake, wala asiwe mtu wa kumwogopa baba yake."

Mjukuu wangu akasema, "Baba, yupo mwalimu wetu wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza. Katusomesha sote wawili. Mmarekani. Anakaa Darsait."

Ndugu yangu akafurahi sana. "Huyo mlete," akasema. "Mmarekani hawezi kusema uongo kwa ajili ya sahani ya biriani."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana damu yangu bado inachemka. Wifi yangu alikuja tangu asubuhi. Akaamrisha mkeka ukunjwe, watu wale mezani. Akatoa uma na visu vya harusi ya mwanawe. Akawasha kiyoyozi mpaka sebule ikawa kama friji, akasema, "Watu hao joto hawaliwezi, watapata mapele." Tukakaa humo tumejitanda, tunatetemeka, tunamngojea Mzungu.

Kengele ikalia. Wifi akaenda mwenyewe kufungua, keshajipulizia manukato. Tukamsikia anasema maneno mawili matatu kwa kile Kiarabu cha kuvunjavunja tunachowasemeza wafanyakazi, kisha akarudi, akakaa. "Nani?" nikamuuliza. "Si mtu," akasema. "Yule mfanyakazi niliyemwazima kwa jirani aje kusaidia vyombo. Nimemwambia azunguke nyuma, jikoni."

Tukaendelea kungoja. Mwanangu akatazama saa. Ndugu yangu akasema Wamarekani husifiwa kwa kushika wakati, kumbe nao ni watu tu. Chakula kimeiva, mke wa mwanangu anaingia na kutoka, uso umeanza kumfura. Mwisho mjukuu wangu akachukua simu yake akampigia mwalimu wake.

Simu ikalia jikoni.

Mie ndiye niliyefika kwanza, miguu yangu hii hii mibovu. Nikamkuta mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, nywele mvi tupu zinachungulia kwenye mtandio, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo, gauni refu la heshima. Amekaa kwenye kibao na yule msichana wa Tanga, wanamenya vitunguu vya kachumbari, wote wawili machozi yanawatoka na wote wawili wanacheka. Mezani ipo sahani imefunikwa, keki ya viazi vitamu aliyoipika mwenyewe kutuletea. Mjukuu wangu nyuma yangu akapiga ukelele, "Mwalimu!"

Yule mama akainuka, akatusalimia kwa Kiarabu chake, maana kakaa hapa Oman siku nyingi na Kiarabu anacho, cha kutosha. Akasema, "Samahani, sikujua kama mnaningojea huko mbele. Nilidhani wanawake wa nyumba hii wanaingilia huku. Kwa wanafunzi wangu wengine nikishazoeleka naingia jikoni moja kwa moja. Nikasema, hawa watu wema, siku ya kwanza tu wamenifanya wa nyumbani."

Kisha akatutazama nyuso zetu, mmoja mmoja. Akamtazama wifi yangu, aliyesimama mlangoni amejiziba mdomo. Akakiweka kisu chini, akanawa mikono, akaifuta taratibu, na akasema na mjukuu wangu maneno kwa Kiingereza. Nikamwambia mjukuu wangu, "Nifasirie." Hakutaka. Nikamwambia, "Nifasirie, nimekwambia."

"Anasema kwao alipokuwa mtoto kupita mlango wa nyuma ilikuwa sheria. Hapa alidhani ni mapenzi."

Wifi akaanza, "Wallahi nimeghafilika, nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Wifi, usinitie aibu mbele ya mgeni."

"Aibu umeipika wewe. Mie nafunua chungu tu."

Atasema alikuwa anamngojea mfanyakazi wa jirani. Sawa. Mfanyakazi wa jirani ni msichana mdogo, mfupi, anakuja na ndala na ana ufunguo wa mlango wa uani. Huyu ni mtu mzima mwenye mvi, kavaa viatu vya ngozi, kashika keki kwa mikono miwili, kamsalimia kwa Kiarabu cha adabu. Wifi hakuona mvi, hakuona keki. Aliona rangi, akaridhika na alichokiona. Na mkono wake uliofungua mlango nao ni wa rangi hiyo hiyo, umefifia kidogo tu kwa sababu mwenyewe hatoki juani.

Tukamleta sebuleni. Tukala. Ndugu yangu, kwa kutaka kumheshimu Mmarekani, akang'ang'ana na uma, wali unamwagika kwenye ndevu, na yule mama huku keshakunja mkono wa gauni anakula kwa vidole vyake kama mtu aliyelelewa Mkunazini kwetu Unguja. Mjukuu wangu aliuma mdomo asicheke. Hapo kidogo na mie hasira zilinipungua. Zilirudi baadaye kwa nguvu.

Mwanangu akamuuliza khabari za kijana. Mwalimu akafikiri, halafu akacheka peke yake.

"Huyu kijana," akasema, "Kiingereza mwanzoni kilimshinda. Muhula wa kwanza alianguka. Mnajua hapa mtoto akianguka inakuwaje. Baba zao wanakuja na kanzu nyeupe na tabasamu, wananiambia, ustadha, sisi ni watu tunaojuana. Yeye alikuja kabla ya baba yake. Akasimama mlangoni, akaniambia: Mwalimu, baba yangu atakuja kesho. Tafadhali mpe kahawa, mpe na kiti kizuri, lakini usimpe alama."

Mwanangu akacheka mpaka akakohoa. Hata ndugu yangu alicheka.

"Baba alikuja?" mke wa mwanangu akauliza.

"Alikuja. Alikunywa kahawa vikombe vitatu. Kijana akarudia muhula mzima, akakaa darasani na waliomtangulia kuzaliwa na waliomfuata, na hakuona haya. Nimewahi kuwa na wanafunzi wenye akili kumpita. Lakini wakweli kama yeye nimewatafuta sana, wachache nimewaona. Mimi ningekuwa na binti ningempa."

Mwanangu akanitazama, nikaona kifua chake kimeshuka. Mjukuu wangu alikuwa anapanga na kupangua vijiko. Nikasema moyoni, alhamdulillah, yamekwisha.

Ndugu yangu akafuta ndevu. Akageuza maneno kwa Kiswahili, ili mgeni asijue.

"Tabia njema, hatuna la kusema. Lakini tabia ni ya mtu mmoja, na mtoto tunamwoza kwenye ukoo. Dada, wewe ndiye wa kulisema. Mama wa babu yake huyu kijana, babu wa upande wa baba, alikuwa nani? Alikuwa kwa nani? Maana nimesikia maneno."

Mjukuu wangu vijiko vikamtulia mkononi.

"Umesikia maneno gani?" nikamuuliza.

"Kuwa alikuwa wa nyumba ya babu yetu. Kuwa hawa ni..." na akalisema lile neno la Kiarabu, khadimu. Neno lenyewe halina makosa, maana yake mtumishi, na sote ni watumishi wa Mungu. Lakini hapa likitajwa kwenye posa linamaanisha kizazi cha mtumwa, na linakata kama wembe.

Mgeni aliinua uso. Kiswahili alikuwa hakijui, lakini neno hilo lilimfikia bila mkalimani. Akaiweka chini ile kahawa yake. Akamuuliza mwenye nyumba, kwa adabu, kama mgeni anaruhusiwa kusema. Mwanangu akamwambia, "Nyumba yako."

Alisema kwa Kiarabu, kikimshinda anamtupia mjukuu wangu Kiingereza, na mjukuu wangu anatufasiria. Nayaandika kama nilivyoyashika.

"Mimi ni mwalimu, na mama yangu alikuwa mwalimu kabla yangu. Skuli yetu ilikuwa ya watoto weusi peke yao. Vitabu tulikuwa tukiletewa vilivyokwishatumika na watoto wa Kizungu. Vikichakaa huko ndo vinakuja kwetu. Ukifungua jalada unakuta majina yao yamejaa mpaka chini, huna pa kuandika lako. Mama yangu akikusanya karatasi za mifuko ya dukani, tunavivisha vitabu, halafu anatuambia: andika jina lako hapo juu, kubwa, na usome mpaka kiwe chako kweli. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Sikungoja mtu anipende kwanza."

Ndugu yangu alikuwa anatazama pembeni, kwenye pazia.

"Lakini nikipanda juu kwenye ukoo wangu," akasema, "nafika kwa babu wa baba yangu, basi. Juu yake hakuna mtu. Walikuwepo, mimi sikuota kama uyoga. Waliowamiliki waliwahesabu tu, kama mifugo, mwanamke mmoja, mtoto mmoja. Nimetafuta maisha yangu yote nimpate mmoja tu mwenye jina, sikumpata. Huyu mwanafunzi wangu aliponiambia bibi yake anayashika majina ya mji mzima, niliona wivu. Nimekuja leo na hamu ya kumwona huyo bibi. Na sasa nasikia majina hayo yanatumika kufungia mlango."

Ndugu yangu akamwambia mjukuu wangu, "Mwambie ya kwao ni ya kwao. Sisi tuna mila zetu."

"Kila mahali nilipofukuzwa," mwalimu akajibu, "niliambiwa ni mila."

"Mwambie tena nchi hii imeendelea. Tuna barabara, tuna hospitali, tuna vyuo. Asituone washenzi."

"Barabara nimeiona, nimekuja nayo kutoka Darsait, imeukata mlima kama siagi. Lakini barabara inamfikisha mtu mlangoni tu, baba. Mlango unafunguliwa na mtu."

Wifi yangu akainamisha kichwa. Ndugu yangu akapandisha sauti. Akanigeukia. "Dada! Tunakungojea wewe."

"Sisemi," nikamwambia.

"Husemi nini?"

"Jina nnalijua na sikupi."

"Basi kunyamaza kwako ni jawabu. Angekuwa muungwana ungelitaja mara moja."

Hapo aliniweza, kwa dakika moja hivi. Maana kweli, mie nikinyamaza kwa huyu na nikasema kwa yule, kila mtu atajua ninaponyamaza kuna nini. Nikamwona mjukuu wangu ananitazama, macho yamemjaa. Nikasema, "Sikilizeni nyote, na mkawaambie wengine. Kuanzia leo kwangu hakuulizwi asili ya mtu. Akija mtoto wa sharifu sisemi, akija mtoto wa mfagiaji sisemi. Duka nimefunga. Sasa kamsome mtu kwa kunyamaza kwangu, tuone."

"Huna haki hiyo!"

"Kichwa ni changu."

"Umepotoshwa na mgeni."

"Mgeni kaniambia nini nisichokijua? Mama wa baba yetu alitoka wapi? Si alinunuliwa? Si unalijua hilo, na wifi analijua, na mwanangu analijua?"

"Yule alikuwa suria. Kazaa waungwana. Si sawasawa."

"Si sawasawa kwa sababu ni wako."

Akagonga meza. Na mie nikagonga. Uma zikaruka. Nikamwambia yote yaliyokuwa yamenikaa kooni. Tulipokuja nchi hii, nikamwambia, tulikuwa na nini? Tulikuwa na mabegi na Kiarabu cha chuo cha Kurani. Watu wakitucheka sokoni. Wakitwambia Wazinjibari, wakitazama nywele za watoto wetu, wakitazama pua. Wewe mwenyewe ulirudi nyumbani unalia, kijana mzima na ndevu, kwa sababu mtu ofisini kakuita neno hilo hilo ulilolitema hapa leo mbele ya chakula cha watu. Nilikufuta machozi mie. Nikakwambia fanya kazi, kuwa mtu wa kweli, watanyamaza. Wakanyamaza. Na walipokunyamazia ukaliokota neno lao, ukalitia mfukoni, ukalihifadhi mpaka upate wa kumpiga nalo!

Alikuwa mwekundu, kama sisi tunaweza kuwa wekundu.

Mwanangu hapendi ugomvi. Tangu mdogo, watoto wakipigana yeye anakwenda kukaa kwa kuku. Nikajua anataka ainuke aende kwenye mindimu yake, na mjomba wake ndiye mkubwa wa ukoo, na kumvunjia mkubwa neno si jambo dogo kwetu. Posa ya mjukuu wangu imesimama hapo, juu ya mtu asiyependa kelele. Nikamwambia, "Mwanangu, ukimkataa kijana huyu, mkatae kwa meno yake, au kwa urefu wake, au kwa Kiingereza kilichomshinda. Ukimkataa kwa ajili ya mwanamke aliyekufa ambaye hajakukosea kitu, mie nakwenda kuishi kwa dada yako leo leo."

Mke wake, ambaye tangu asubuhi hajasema ila "karibuni chakula," akasema, "Mimi mlipokuja kuniposa mlisema watu wa Burundi wamechanganyika. Mlidhani sikusikia. Nimewapikia miaka yote hii nikiwa nimesikia."

Mwanangu akamtazama mkewe kama mtu anayemwona leo. Akamgeukia bintiye. "Mwanangu, unamtaka huyu kijana?"

"Namtaka, baba."

"Nikikataa?"

"Ukikataa sitoroki, na sitokutia aibu. Nitakaa hapa hapa nyumbani, na kila Ijumaa utaniona."

Akachukua simu yake, akavaa miwani, akatafuta nambari. Akampigia baba wa kijana mbele yetu sote. "Assalamu alaikum. Tumeulizia. Alhamdulillah, tumeridhika. Njooni tupange." Ni hivyo tu. Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwenye meza, mtu mzima anamshukuru Mungu kwa kelele.

Ndugu yangu akainuka, sahani haijesha. "Mimi kwenye nikaha hiyo simo," akasema. Wifi yangu akainuka naye, kwa sababu gari la ndugu yangu ndilo la kumrudisha kwake. Mlangoni aligeuka, akamtazama mwalimu, midomo ikamcheza, nikadhani ataomba radhi. Akasema, "Keki nzuri." Akatoka.

Harusi ilifanyika. Ndugu yangu hakuja, wala watoto wake hawakuja. Na alilolifanya baada ya hapo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Anawaambia watu kuwa mie akili zimeanza kuniruka. Kila anayemuuliza kwa nini siku hizi sijibu khabari za nasaba, anasema, "Dada keshazeeka, majina yanampotea. Siku ile alishindwa kulitaja moja, akaficha kwa ukali." Watu wananipigia kunipa pole! Binamu yangu wa Ruwi kaniletea asali na habasoda, ati ni dawa ya kumbukumbu. Mtu wa damu yangu anaona afadhali dunia iamini kuwa dada yake kapotewa na akili, kuliko iamini kuwa amekataa.

Kijana alikuja kunitazama baada ya harusi, pamoja na mke wake. Akaniuliza kwa haya, macho chini. Kasikia, akasema, kwamba nilimjua mama wa babu yake. Kwao hakuna anayelitaja jina lake. Baba yake akiulizwa hubadilisha maneno.

Nikamwambia akae karibu. Nikamwambia ndiyo, alikuwa nyumbani kwetu, alinunuliwa angali mtoto, na alipokuwa huru alibaki mtaa ule ule akiuza vitumbua asubuhi na kulea watoto wa watu mchana. Mie kanikosha kwa mikono yake. Ndugu yangu mdogo, huyo huyo, alikuwa akilia usiku kucha mpaka achukuliwe na yeye, akinusa shingo yake ndo analala. Nikamwambia alikuwa na majina mawili. Moja alipewa na watu wetu, la kuitiwa kazi. La pili alilipewa na mama yake, huko bara alikotoka, na alikuwa akitwambia sisi watoto tu, tukiwa kwenye beseni, anatusugua mgongo, anasema, hili ndo langu. Waliolisikia wote wamekufa. Nimebaki mie.

Nikampa yote mawili. Hakuandika. Alilirudia lile la pili kimya kimya, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura ya Kurani, mpaka nikamwambia, hapo sawa, umelipata. Kisha akatoka nje uani akampigia baba yake. Nilimwona dirishani. Alilisema mara moja, na baada ya hapo akakaa muda mrefu sana simu iko sikioni na yeye hasemi, anasikiliza tu.

Haya ndiyo yaliyokuwa. Mliokuwepo mpo hai wote, na nambari yangu ya simu mnayo. Pengine chakula kilikuwa biriani na mie nimetia wali tu, pengine aliyegonga meza kwanza nilikuwa mie. Kama pana neno nimemvisha asiyelisema, au nimelipindua, niambieni na nitalifuta kwa mkono wangu. Wewe ndugu yangu khasa, ukisoma haya, njoo unisahihishe. Njoo mwenyewe, usitume mtu. Mlango uko wazi.